Fuata gunia: namna ya kuandika historia ya uchumi wa kijiji chako

Chini kabisa ya sanduku la bati la marehemu baba, ndani ya mfuko wa nailoni, tuliikuta stakabadhi ya magunia 11 ya karanga, ya mwezi wa saba mwaka 1979. Magunia yalipimwa, yakapakiwa kwenye lori, yakaondoka. Fedha haikuja. Baba alifariki akiwa bado anasema, "Serikali ina deni langu," na sisi watoto tulikuwa tukiitikia tu, bila kumuuliza serikali hiyo hasa ni nani: aliyeshika mizani, aliyepanga bei, mwenye lori, au benki.

Mimi nilikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika kwa miaka 22, kuanzia 1985, katika kijiji kilichoko kati ya Msagali na Kongwa. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo hapa Dodoma, aliniletea kazi aliyopewa: nafasi ya serikali katika historia ya uchumi wa nchi inayoendelea. Alikuwa ameandika kurasa 14. Zilijaa sera na awamu na mikakati, lakini hamkuwa na mkulima hata mmoja ndani yake, wala kilo moja ya kitu chochote. Nikamrudishia nikamwambia, mwanangu, anza na gunia. Likizo nzima tulizunguka naye, tukaandika upya. Tangu hapo vijana wengine wamenijia wakitaka kufanya hivyo kwa vijiji vyao, ndiyo maana nimeona niiweke njia yetu kwenye maandishi.

Chagua kitu kimoja

Usianze na neno "serikali". Hilo neno ni kubwa mno, litakumeza. Chagua kitu kimoja ambacho kijiji chenu kimekuwa kikikitoa kwa miaka mingi, ukifuate tangu kinapotoka hadi kinapoishia, kipindi kwa kipindi. Popote kitakaposimamishwa na mtu mwenye mizani, mhuri au bunduki, hapo umeikuta serikali.

Kwetu ni gunia la nafaka. Ukiwa Kondoa ningekushauri ufuate ng'ombe, maana huko mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 lililokuwa limeliwa na mmomonyoko. Huo ulikuwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa fedha za Sweden. Majani yalirudi na makorongo yakatulia, hilo halibishaniwi. Ila kila ng'ombe alikuwa na mwenyewe, na historia yako itaanza pale unapouliza alipelekwa wapi. Ukiwa Hombolo fuata zabibu. Ukiwa Mtumba fuata shamba lilivyogeuka kuwa kiwanja, tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma na kuunda CDA, mamlaka ya kuustawisha mji mkuu, hadi CDA ilipovunjwa mwaka 2017, hadi Mji wa Serikali wa leo.

Keti na wazee, na usiwaulize mwaka

Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu. Wanafika, wanawasha simu irekodi, wanauliza: "Babu, sera ya kilimo ya mwaka 1974 iliwaathiri vipi?" Mzee wa watu anajibu kile anachodhani mgeni amekuja kukichukua. Umepoteza siku, naye umemchosha.

Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na kilo ya sukari mkononi. Salimia kwa lugha yao. Kwetu ukisema "Mbukwenyi" na ukasubiri kuitikiwa, umeshakaribishwa nusu. Zungumzeni mvua kwanza. Kisha uliza habari ya kitu ulichokichagua: mliuza wapi, nani alipima, mlibebaje mpaka huko, mlirudi na nini. Miaka itakuja yenyewe.

Itakuja, lakini si kwa tarakimu. Ugogo huhesabu miaka kwa njaa. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisema amezaliwa "watu waliporudi kutoka Mtunya", nami nilipokuwa mdogo nilidhani Mtunya ni mahali. Ni njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Ukimuuliza mtu juujuu atakwambia ilikuwa ukame, na kweli mvua zilikatika. Lakini ukifuata gunia utaona kwamba kabla ya ukame nafaka ilikuwa imekwisha kutoka majumbani. Wajerumani walichukua chakula na ng'ombe wa kulisha jeshi lao, wakachukua na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia Dodoma mwaka 1916 nao wakachukua. Mvua ilipokosekana, maghala yalikuwa tupu na wenye nguvu za kulima walikuwa mbali. Halafu mwaka 1918 ikaja homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Kwa hiyo mara ya kwanza gunia linapoonekana kwenye daftari letu haliuzwi. Linachukuliwa. Mtoto wa dada alitaka kuruka kipindi hicho akisema historia ya uchumi inaanza na soko. Nilikataa, na bado nakataa.

Ili kugeuza kumbukumbu kuwa miaka, tengeneza daftari lenye safu mbili. Upande mmoja andika mambo ambayo hakuna mzee aliyeyasahau, upande wa pili mwaka wake. Yetu inaanzia reli kufika Dodoma, 1910, ambayo wazee walisimuliwa na wazazi wao, inapita karanga za Kongwa, uhuru, Azimio la Arusha la Februari 1967, Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, msako wa wahujumu uchumi wa 1983, na kifo cha Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, alipokuwa akitoka hapa Dodoma kwenda Dar es Salaam. Mama mmoja hakujua kabisa ni lini alihamishwa kutoka tembe lao la zamani. Nikamuuliza, mlipohama mlikuwa mmeshakula unga wa Yanga? Akacheka, akasema bado, ule ulikuja tumeshakaa hapa, mtoto wangu wa tatu alikataa kabisa kuula. Unga wa Yanga ni ule wa mahindi ya njano ya msaada, uliopewa jina la timu kwa sababu ya rangi, na kwa kijiji chetu kumbukumbu yake inaangukia ile njaa ya 1974 na 1975. Hapo nikapata mwaka wangu bila kumtesa.

Waulize wanawake peke yao. Baba alikumbuka magunia yaliyouzwa. Mama ndiye aliyekumbuka madebe yaliyobaki ndani, na ndiye aliyejua kama yalifika mwezi wa pili. Hesabu ya uchumi isiyo na madebe ya mama ina tundu kubwa katikati.

Na andika vipimo kama vinavyotamkwa: kibaba, pishi, debe, gunia. Usivigeuze kuwa kilo papo hapo. Gunia la debe sita na gunia la debe saba ni hadithi mbili tofauti, kama nitakavyoeleza.

Soma karatasi kama karani anavyozisoma

Karatasi nyingi ziko karibu kuliko unavyofikiri. Ziko kwenye masanduku ya watu, kwenye mihtasari ya mikutano ya kijiji kwa mtendaji, kwenye leja za chama cha msingi kama panya hawajazimaliza. Zaidi ya hapo, wenye nafasi waende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Chukua barua ya utambulisho, na ulizia taratibu kabla hujafunga safari. Humo mna vitabu vya wilaya ambavyo Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa enzi ya Mwingereza, alikuwa akiandika habari za eneo lake: mvua, njaa, kodi, watemi. Taarifa rasmi za mijadala ya Bunge ni hazina nyingine, kwani mbunge wenu akisimama kuuliza kwa nini wakulima hawajalipwa, swali na jibu la waziri vimeandikwa. Sensa za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zitakupa idadi ya watu.

Sasa shika stakabadhi ya mazao. Watu huangalia jumla ya fedha tu, chini kulia. Mimi naanzia juu. Namba ya stakabadhi inakwambia wangapi walipima kabla yako. Tarehe ilinganishe na mavuno: karanga zikipimwa mwezi wa sita, mwenye shamba alikuwa na shida ya fedha, au mnunuzi alikuwa na haraka. Daraja: nani aliamua kwamba hizi ni daraja la pili, naye alitumia nini kupima zaidi ya jicho lake? Kisha uzito wa jumla na uzito halisi, baada ya kutoa uzito wa gunia tupu. Nimewahi kuona karani anakata kilo mbili kwa gunia tupu lisilofika kilo moja. Kwa magunia 300 ya siku moja, piga hesabu mwenyewe.

Halafu makato. Ushuru, mchango wa ujenzi, deni la pembejeo, mchango wa mwenge. Kila kato lina aliyeliidhinisha. Nakili makato ya kila stakabadhi unayoipata, panga kwa miaka, na utaona serikali inakua na kupungua mbele ya macho yako bila kusoma hotuba hata moja.

Kodi nayo ina karatasi zake. Tangu Mjerumani aweke kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, mtu wa huku alilazimika kupata sarafu, na sarafu ilipatikana kwa kuuza nafaka au ng'ombe, au kwenda kufanya kazi kwenye mkonge na reli. Gunia halikwenda sokoni kwa sababu lilizidi. Lilikwenda kwa sababu ya kodi. Wazee wengi bado wanatunza stakabadhi za kodi kuliko vyeti vya ubatizo, kwa hofu ya kuulizwa barabarani. Kodi ya maendeleo iliyotozwa kwa kichwa ilifutwa mwaka 2003, na kuna vijana wenye watoto leo ambao hawajawahi kuiona.

Simama penye uamuzi: mfano wa Kongwa

Kila ukikuta amri iliyolihusu gunia lako, simama hapo uulize aliyeamua alikuwa anatafuta nini, na alijua nini kuhusu mahali hapa. Hakuna mfano ulio wazi kuliko mashamba ya karanga ya Kongwa, na babu yangu alikuwa kibarua pale, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na watu wake walikuwa wanagawiwa kwa kadi. Mwaka 1946 wataalamu wakatumwa kupima ardhi ya Afrika Mashariki, wakiongozwa na John Wakefield. Serikali ya chama cha Labour ikakubali mpango wa kulima karanga ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na waziri wa chakula, John Strachey, ndiye aliyeusimamia. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Tawi la reli likajengwa kutoka Msagali. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Babu alisema kung'oa mibuyu na vichaka vilivyofungamana kuliua mashine kuliko vita. Kisha udongo. Udongo wa Kongwa wakati wa masika unafuata jembe vizuri, lakini kiangazi kikiingia unakaza kama saruji, na karanga hukomaa chini ya ardhi, kwa hiyo ukichelewa kuchimba umezifungia humo. Na mvua, ambayo kila mtoto wa Kigogo anajua haina ahadi. Mwaka huohuo wa 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulipanda na reli hadi Kongwa, vibarua wakaweka zana chini wakidai mishahara. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na karibu pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa kwenye vitabu.

Sasa angalia. Mama yangu alilima karanga maisha yake yote, wilaya hiyohiyo. Baba aliuza magunia 11 mwaka mmoja. Karanga zinakubali Kongwa! Zinakubali kwenye robo ekari iliyo karibu na zizi, zikichanganywa na uwele, kwa mtu anayeamua kupanda leo au kesho kwa kutazama wingu. Mpango ulishindwa kwa sababu uamuzi ulifanyika mbali, kwa shida ya mbali, na waliojua udongo huu waliajiriwa kung'oa visiki tu. Hakuna aliyewauliza neno.

Ukiandika, usiishie kwenye kushindwa. Fuata kilichobaki. Sehemu ya ardhi iliyofyekwa iligeuka kuwa ranchi, na mpaka sasa Kongwa ni jina la ng'ombe wa nyama. Majengo na kambi vilipata kazi nyingine. Katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO walikaa Kongwa. Babu alirudi nyumbani na ujuzi wa kutengeneza injini, na akawa fundi wa mashine ya kusaga ya kwanza niliyoiona maishani. Hiyo nayo ni historia ya uchumi, ingawa hakuna taarifa ya serikali iliyoiandika.

Wakati serikali iliposhika mizani, na ilipoiachia

Baada ya uhuru njia ya gunia letu ilikuwa mkulima, chama cha ushirika, bodi. Mwaka 1975 ikatoka sheria ya vijiji, mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, na kijiji chenyewe kikawa ndicho kinachokusanya mazao na kuyapeleka kwa mashirika. Kwa nafaka, Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Bei ilikuwa moja nchi nzima, iwe gunia liko kando ya reli au porini lisikofika gari masika.

Bei moja ilikuwa na haki ndani yake, nami nilipokuwa kijana niliipenda. Aliye mbali hakuadhibiwa kwa kuzaliwa mbali. Lakini gharama ya usafiri haikupotea. Ililipwa na shirika, shirika likakopa benki, na benki ilikuwa ya umma. Kwa ukanda wetu wa ukame kulikuwa na jambo jingine. Serikali ilihimiza mtama na uwele kwa kuwa vinastahimili, ikaweka bei nzuri, watu wakalima, na mtama ukajaa maghalani wakati watu wa mijini wanataka sembe. Sera ilikuwa sahihi kwa shamba, ila jikoni mwa mnunuzi hakuna aliyechungulia. Wanaoandika kwamba wakulima wa Dodoma walikuwa wavivu waende wakasome habari za maghala hayo.

Ushirika ulirudishwa katika miaka ya 1980, ndipo mimi nikaajiriwa. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kufikia 1987 vizuizi vya kusafirisha nafaka kutoka mkoa hadi mkoa vilikuwa vimeondolewa. Nakumbuka lori la kwanza la mfanyabiashara binafsi kusimama kijijini mchana kweupe na fedha taslimu. Watu walilia kwa furaha. Nilikuwa na leja yangu mezani na hakuna aliyekuja kwangu siku hiyo.

Furaha ile ilikuwa ya haki, siibezi. Lakini mizani ilipoondoka, ikaja lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kipande juu na kushonwa likiwa na kichwa, debe saba na zaidi, na bei ni ileile ya gunia. Aliyekuwa anakatwa kilo mbili na karani sasa anakatwa debe zima na dalali. Leo sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanapita masokoni, soko la Kibaigwa lina mizani, sheria ya stakabadhi za maghala ipo tangu 2005, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua nafaka na ana maghala yake Kizota. Bado lumbesa unaiona barabarani ukitoka Kongwa. Kwa hiyo unapofika kipindi ambacho vitabu vinasema serikali ilijitoa, usiweke kalamu chini. Nenda shambani uangalie nani ameshika mizani sasa. Kuondoka kwa serikali ni uamuzi kama uamuzi mwingine, na una aliyelipa.

Geuza shilingi kuwa vitu

Hili ni fupi lakini usiliruke. Bei ya gunia mwaka 1975 ukiilinganisha na ya leo kwa shilingi haikwambii chochote. Uliza: gunia moja lilinunua khanga doti ngapi? Sukari kilo ngapi? Lilitosha jembe? Nilimuuliza mama mkwe wangu hivyo, akanijibu kwamba mwaka 1982 fedha ilikuwapo lakini duka la kijiji lilikuwa halina kitu, hivyo gunia halikununua khanga hata moja kwa miezi. Jibu hilo lina uchumi mwingi kuliko jedwali.

Faida na hasara, zote kwenye ukurasa mmoja

Sehemu hii ilitugombanisha mimi na mtoto wa dada. Ni habari ya kuhamishiwa vijijini. Dodoma ilitangulia, kwa Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, na kuanzia 1973 ikawa amri kwa nchi nzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akifyatua matofali na wanakijiji. Sisi tulitoka kwenye tembe la babu tukiwa na mbuzi na mitungi, na paa la tembe likabomolewa tusirudi. Shamba bora la Mgogo ni lile linaloizunguka kaya, ambalo ng'ombe wamelirutubisha kwa miaka. Tulilihama. Mashamba mapya yalikuwa mbali na zizi, mama alitembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Daftari letu linaonyesha wazi: magunia yalipungua.

Mtoto wa dada akaandika: "Operesheni iliharibu uchumi wa kijiji." Nikamwambia ongeza sentensi ya pili. Mwaka 1971, nikiwa na miaka minane, niliingia darasa la kwanza kwenye shule iliyojengwa kwa sababu tumekusanywa pamoja. Kabla ya hapo shule ilikuwa mwendo ambao mtoto wa kike haruhusiwi kuutembea. Mama alijifunza kuandika jina lake kwenye kisomo cha watu wazima, chini ya mwembe wa kijiji hichohicho, na tangu siku hiyo hakuweka tena dole gumba kwenye karatasi ya mtu. Nisingekuwa karani. Nisingeweza kuisoma stakabadhi ya baba.

Aliniambia, mama mdogo, sasa tuseme ilikuwa nzuri au mbaya? Nikamwambia hatulazimiki kujumlisha gunia na darasa tukapata namba moja. Andika magunia mangapi yalipungua, andika watoto wangapi walisoma, taja nani alipata na nani alipoteza, kwa maana mara nyingi hawakuwa watu walewale. Babu alipoteza. Mimi nilipata. Usimfiche yeyote kati yetu.

Soma mbele ya wenyewe

Ukimaliza, usipeleke chuoni kwanza. Omba dakika 20 kwenye mkutano wa kijiji, soma kwa sauti, polepole, ukitaja tarakimu zote. Waombe wakusahihishe. Acha nafasi pembeni ya kila ukurasa, na uandike sahihisho pamoja na jina la ukoo wa aliyelitoa, kama amekubali. Nakala moja iache kwa mtendaji, nyingine shuleni.

Sisi tulisoma mwezi wa tisa, baada ya mavuno. Mzee mmoja alitusahihisha kuhusu lori: hayakuwa malori mawili siku ile ya 1979, lilikuwa moja, likarudi mara ya pili usiku. Mwingine akasema waliolipwa walikuwapo, wale waliopimiwa asubuhi. Tukaandika. Hilo hatukulijua, na limetufanya tuanze kutafuta leja ya siku hiyo upya, kwa sababu kama fedha ilifika kwa wengine, basi ilikwama mahali padogo kuliko baba alivyodhani.

Watu walipokuwa wanatawanyika, bibi mmoja wa upande wa bondeni akamtuma mjukuu wake nyumbani. Mtoto alirudi anakimbia na kopo la maziwa ya unga lenye kutu. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne: stakabadhi ya karanga, magunia manne, tarehe ileile. Nikaitoa ya baba kwenye mfuko wake, nikaziweka pamoja juu ya meza ya mtendaji. Namba ya baba inaishia na 46. Ya bibi inaishia na 47.

"Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni," akasema. "Alinisaidia kubeba."